Ukisema Umeshiba, Mombasa Watafunika Sufuria

Mwanangu Komora,

Hazipiti siku nyingi kabla mtu hajashuka kwenye njia panda hapa Garsen, akatazama huku na huku, kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa nina miwani na mwavuli na nafanana na mtu wa kujibu: "Mwalimu, hapa mtu anakula wapi?" Nami humjibu vizuri. Humwambia aiache hoteli ya mbele, pale mabasi yanaposimama, kwa sababu chakula cha pale hupikiwa watu ambao hawatarudi. Azunguke nyuma, upande wa soko la mifugo, aangalie wauza mbuzi wanaingia wapi, naye aingie hapo hapo. Aombe nyama ya kuchemsha na supu yake, na chai iletwe mwisho. Kama basi lake la Lamu limeharibika na itambidi alale, humwelekeza kwenye lojing'i ambayo neti zake hazijatoboka. Wapo waliorudi kunishukuru.

Na wewe niliyekuzaa, mwaka jana nilipokusindikiza kwenda Mombasa sikukuambia neno moja la maana juu ya kula na kulala. Nilikuambia uvae soksi safi.

Leo ya soksi nayaacha. Kitambulisho, simu, sabuni, hayo baba yako ameyasema mezani na ameyarudia. Nakuandikia kwa sababu jioni hii, ulipokuwa ukifunga begi, nilikuuliza utafikia wapi, ukanijibu bila kuinua kichwa, "Nitaangalia, mama." Nimekufundisha kusema, kwa hiyo najua ukisema hivyo una maana gani. Hutaki kurudi kwa baba mdogo Buya kule Mtwapa. Unataka kupanga chumba peke yako, mahali ambapo hakuna anayejua kwamba uliwahi kuja chuoni ukarudi nyumbani kabla mwezi haujaisha. Sikukatazi. Lakini kabla hujaamua, nisikilize habari ya sufuria ya Bi Zuhura. Sikuwahi kukusimulia kwa sababu nilikuwa naiona aibu ndogo isiyo na faida kwa mtu.

Nilikuwa na umri kama wako. Chuo cha ualimu kilinipeleka Mombasa kwa mazoezi ya kufundisha, nikapangiwa kukaa Majengo, katika nyumba ya mjane aliyeitwa Bi Zuhura. Nilikuwa sijawahi kulala mahali pasipo mto karibu. Bibi yako aliniaga kule kijijini kwetu Chara kwa maneno machache tu: "Usituaibishe kwa tumbo." Unamkumbuka alivyokuwa. Nyumbani kwake mgeni aliyekaribishwa chakula alisema "Nimeshiba." Akakaribishwa tena, akasema tena, "Nimeshiba, mama, nimekula njiani." Akakaribishwa mara ya tatu, ndipo akanawa mikono. Aliyekubali mara ya kwanza alichekwa hata akishaondoka. "Huyo," bibi yako alikuwa akisema, "tumbo lake limetangulia mguu."

Basi siku ya kwanza Majengo, Bi Zuhura alitandika mkeka uani, akaweka sinia la wali wa nazi na samaki wa kupaka. Harufu yake mpaka leo naweza kukueleza ilipitia pua ipi. Akaniita:

"Mwanangu, ushakula?"

"Nimeshiba, Bi."

"Haya, alhamdulillahi."

Akala na wajukuu wake. Kilichobaki akakifunika kwa kawa, akaenda kuswali. Mimi nikabaki nimeketi na jibu langu la pili mdomoni, halina mtu wa kulipokea.

Kesho yake ikawa vivyo hivyo, asubuhi kwa mahamri na mbaazi, jioni kwa muhogo wa nazi. "Ushakula?" "Nimeshiba." "Haya." Shuleni nilifundisha kugawanya sehemu, nikachora ubaoni chapati iliyokatwa vipande vinne, nikaitazama hadi watoto wakaanza kunong'onezana. Mchana ningeweza kununua chakula kama watu wote, lakini nilikuwa mwalimu mgeni, mwanamke, na kwetu msichana hakuketi hotelini akila peke yake mbele za watu. Mji mzima unakula, nami nazunguka katikati yake nikitunza adabu ya Chara.

Alfajiri ya siku iliyofuata Bi Zuhura alinikuta jikoni. Nilikuwa nimechuchumaa, sufuria ya wali nimeipakata kama mtoto, nakwangua ukoko.

"We mwana! Wafanyani hapo?"

"Naosha sufuria, Bi."

"Waiosha kwa meno?"

Nililia, Komora. Nililia ukoko ukiwa mdomoni. Yeye alicheka mpaka akashika ukuta, kisha aliponiona machozi akakaa sakafuni kando yangu, mwanamke mzito vile, akaniuliza nina nini. Nikamweleza habari ya mara tatu. Alinisikiliza kwa makini, akanijibu maneno ambayo ningepaswa kukushonea kwenye ukosi wa shati:

"Sasa mimi ningejuaje? Kwetu mtu akisema kashiba, twamshukuru Mungu, twafunika. Wataka nikulazimishe kula, useme Bi Zuhura kanitilia kitu? Hapa ukiwa na njaa sema una njaa. Si matusi."

Tangu siku hiyo mpaka naondoka aliniita Bi Shibe. Hata mwenye duka la jirani alinijua kwa jina hilo. "Bi Shibe, leo umeshiba ama wataka kula?" Nami nilikula.

Nimekuwa nikiifikiria adabu ile ya bibi yako, na sitaki uidharau. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kwa nini mara tatu. Akaniambia kwamba mto ukifurika, mashamba yakalala chini ya maji, kuna nyumba mgeni anafika na chunguni hamna kitu, na mwenye nyumba lazima amkaribishe tu. Mgeni akisema ameshiba, amemfungulia mwenzake mlango wa kutokea. Mwenye nyumba asiye na kitu huishia hapo, na hakuna aliyeaibika. Mwenye nacho hurudia. Kwa hiyo lile "nimeshiba" letu ni huruma, ni njia ya kuuliza kwa upole, je, kwenu kuna chakula? Lakini linahitaji watu wawili wanaolijua. Ukilisema mbele ya mtu asiyelijua linabaki uongo mtupu, na anayelipa ni wewe.

Hayo yote niliyajua tangu zamani. Ndiyo maana kosa langu la mwaka jana ni kubwa kuliko la Bi Shibe.

Ulipokuwa Mtwapa, mke wa Buya alinipigia simu. Unajua yeye ni mtu wa Taita, hana mzunguko, akiuliza jambo ameliuliza. Akasema, "Mwalimu, kijana wako hali. Kila nikimpakulia anasema ameshiba. Anakula chuoni?" Nilikuwa nimesimama hapa barazani na mama wa jirani anasikia. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikamwambia, "Hiyo ni adabu yetu, mama. Nimemlea vizuri." Sikumwambia aulize mara tatu. Sikukupigia wewe. Jirani akaniambia nina bahati ya mtoto, nami nikakubali, nikaingia ndani nimejaa sifa. Mwanangu alikuwa analala njaa katika nyumba yenye chakula, na mimi nilipoambiwa nilijipongeza.

Kisha siku ile ukashuka. Nilikuwa stendi kununua maziwa kwa Hawa, yule mama wa Kiorma anayekaa na mitungi yake karibu na wauza maembe. Basi la Mombasa likasimama. Nikaona kijana anashuka, suruali ameifunga kwa kamba ya mkonge, nikajisemea, maskini, mtoto wa nani huyo? Nakuomba uyasome maneno hayo polepole, kama ninavyoyaandika. Sikukutambua. Vijana wa bodaboda walikutambua kabla yangu. Mmoja akapiga kelele, "Injinia amerudi! Mombasa imekutapika, bro?" Wengine wakacheka.

Hawa hakucheka wala hakuuliza. Alimimina maziwa kwenye kikombe akakunyooshea mkono. Kwao maziwa hayaanzi na swali, yanatolewa tu. Ukanywa umesimama, mbele ya stendi nzima. Akajaza tena, ukanywa tena. Nilikuwa hatua chache kutoka kwako na mwavuli wangu, nikaona koo lako linavyopanda na kushuka, na nikamwonea wivu mwanamke yule, Mungu anisamehe. Kisha tukaja nyumbani, nikapika haraka, nikakuwekea sahani. Ukaniambia mimi, mama yako, "Nimeshiba."

Watu wa hapa wanasema mji ulikushinda. Baba yako naye, ambaye anakupenda kuliko anavyojua kusema, alisema mwanamume hujifunza kwa njaa. Nilimwambia mwenye njaa hajifunzi kitu ila njaa. Wewe masomo hayakukushinda. Mwalimu wako wa ufundi wa mafriji pale chuoni alikuandikia urudi, na mimi siwaandikii hivyo wanafunzi ninaotaka kuwasahau. Kilichokurudisha ni neno moja la adabu, na neno hilo nilikupa mimi.

Sasa tuje kwenye swali lako, utalala wapi.

Basi litafika mchana au jioni, kwa jinsi barabara itakavyotaka. Ukichelewa, usianze kutafuta nyumba kwa miguu na begi mgongoni. Lojing'i za Mwembe Tayari zinatosha kwa usiku mmoja. Chagua ya ghorofani, kwa sababu ya kelele, na kabla hujakubali chumba inua godoro uangalie mishono yake. Kunguni hukaa mishononi. Ukiwaona, shukuru kwa heshima uondoke. Hakuna mtu atakayekushika. Lakini ni usiku mmoja tu. Kwenye lojing'i unaweza kuugua mlango umefungwa, na watakaojua kwanza ni wafagizi.

Chumba cha kupanga ni kitu kizuri, na ipo siku utakuwa nacho. Ukikitafuta, tafuta katika nyumba ya Kiswahili, ile ya ukumbi katikati na vyumba huku na huku, uani bomba moja. Utalalamika juu ya foleni ya bafuni, utachoshwa na redio ya jirani. Ila katika nyumba hiyo mtu asipoonekana uani asubuhi, saa nne mtu atagonga mlango wake. Usidanganywe na vile vyumba vipya vya kujitegemea vyenye choo ndani na geti, angalau mwaka huu. Kipimo changu ni hiki, nami nimekipata kwa kuishi: lala mahali ambapo usiporudi kuna mtu atakayeuliza.

Ndiyo maana bado naitazama nyumba ya Buya. Juzi mkewe alinipigia, hatukuwa tumeongea tangu uliporudi. Nilitarajia lawama. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nimelia sana. Nilidhani mtoto hapendi mkono wangu." Hebu fikiri. Wewe ulikuwa unamstahi, yeye alikuwa anajiona hapendwi, na mimi hapa barazani natembea kifua mbele. Kisha akasema, "Aje. Kitanda kipo. Lakini mwambie nyumbani kwangu sufuria haibembelezi mtu." Nilimpenda kwa neno hilo. Ukiamua kwenda kwake nenda, ukiamua kupanga panga, lakini hata ukipanga, Jumapili moja piga hodi kwake na ule mbele ya macho yake. Hiyo ni haki yake.

Na kula. Asubuhi tafuta mbaazi za nazi na mahamri, lakini uwahi, kwa sababu anayezipika vizuri humaliza mapema, na ukikuta sufuria imejaa na jua limeshapanda, jiulize kwa nini. Mchana fuata watu wa mikokoteni. Hawana muda wa kula vibaya. Wanakoketi utapata maharagwe na chapati, au wali na mchicha, na siku nzuri papa wa nazi. Kula mapema, chakula kikiwa bado cha kwanza. Jioni viazi karai na ukwaju wake ni raha, lakini usivifanye chakula cha kila siku kama wanafunzi wengi, tumbo litakudai baadaye. Samaki wa bahari utamzoea. Hana utamu wa kambale wa mto wetu, ila usiwaambie hivyo watu wa Mombasa wakiwa na kisu mkononi.

Jambo moja ambalo wageni hawaambiwi: kwenye vibanda vile mchuzi huongezwa. Wali ukikukaukia nusu ya sahani, inua sahani useme, "Mama, nitilie mchuzi." Atakutilia bila kinyongo, pengine na kipande cha kiazi. Lakini hawezi kukutilia usipoomba. Mimi, hata nilipoacha aibu ya kula nje, niliishi Mombasa karibu muhula mzima nikila nusu ya mwisho ya wali mkavu kabla sijagundua kwamba wale wote waliokuwa wakipata mchuzi hawakuwa ndugu wa mpishi.

Na utapita mahali mtu anakula, atakuambia "Karibu!" Barabarani hiyo ni salamu. Jibu "Starehe," upite. Nyumbani mwa mtu, karibu ni karibu. Ingia.

Nimeandika mengi kuliko nilivyotaka. Ni ugonjwa wa walimu. Nilikuwa nimekusudia kusema kitu kidogo tu. Leo jioni nimekupikia kambale. Nikakuuliza kama utaongeza, ukasema umeshiba. Nikarudia, ukasema umeshiba. Niliporudia tena ukavuta sahani, na wote wawili tukatabasamu kidogo, kama watu wanaojua wimbo mmoja. Baadaye, nikiosha vyombo, moyo ulinishuka. Nikaona kwamba ninakufungia begi la safari kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nakuwekea ndani yake kitu kile kile kilichokurudisha.

Kwa hiyo barua hii nimeiweka juu ya viatu vyako, uisome kabla hujaja kunywa chai. Kipande cha kichwa cha kambale nimekuhifadhia, pamoja na wali wa kupasha. Najua safari ni ndefu, na najua ukiamka utakuwa na njaa, kwa sababu nakujua tangu ulipokuwa ukilia usiku wa manane kwa ajili hiyo.

Nitakuuliza, "Komora, utakula?" Nitauliza mara moja. Ukisema umeshiba nitafunika, nitakupeleka stendi, na sufuria nitampa paka wa jirani mbele ya macho yako. Baba yako nimemwonya asiingilie. Bibi yako, huko aliko, atanisamehe au hatanisamehe.

Jifunzie hapa, kwangu, ambako ukikosea bado ni nyumbani. Nitakuwa jikoni. Kawa nitakuwa nimelishika mkononi, na nitakuwa naomba kimya kimya uniambie una njaa.

Mama yako,
Bi Shibe